Setilaiti za Mzingo wa Karibu: Kitu Chenyewe na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Miongoni mwa karatasi zilizogawiwa katika semina moja ya walimu na watumishi wa Serikali tuliyoihudhuria mjini Mbeya, ilikuwamo moja iliyoeleza habari za intaneti iletwayo na setilaiti. Karatasi hiyo ilikuwa imefasiriwa kwa haraka, neno kwa neno, na ndani yake mlikuwa na maneno haya: "setilaiti za mzunguko wa dunia ya chini". Mwalimu mmoja kutoka Kyela aliinua mkono akauliza kama hiyo dunia ya chini ndiyo kuzimu. Watu wakacheka. Lakini swali la pili halikumchekesha mtu. Liliulizwa na mtumishi wa halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Iringa. Yeye alitaka kujua kama ungo ambao ofisi yake iliununua miaka kadhaa iliyopita kwa ajili ya intaneti ya setilaiti ungeweza kugeuzwa tu, uelekezwe kwenye setilaiti hizo mpya, ili fedha za umma zisitumike mara ya pili. Karatasi ilisema "setilaiti" huku na "setilaiti" kule. Kwa nini basi isiwezekane?

Jibu ni kwamba haiwezekani. Hata hivyo, mtumishi yule hakuwa na namna ya kulijua hilo kwa kuisoma karatasi aliyopewa, maana maneno yaliyotumika yaliificha tofauti yenyewe. Katika makala haya tumekusudia kueleza kitu hiki kinavyofanya kazi, matatizo yanayokikabili, na istilahi ambazo kwa maoni yetu zingefaa kukitaja. Tunaamini kwamba istilahi iliyoundwa kwa kuyafuata maneno ya kigeni humwacha msomaji gizani, na kwamba ile iliyoundwa kwa kuufuata utendaji wa kitu humpa nusu ya elimu anayoihitaji kabla hajatia sahihi.

SETILAITI NA MZINGO

Neno setilaiti limekwisha kuzoeleka, wala hatuoni haja ya kulitafutia badala. Tena Kiswahili si kigeni katika anga za juu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Iliizunguka Dunia katika kimo cha kati ya kilomita 500 na 600, na humo ndimo zinamopita leo setilaiti nyingi za intaneti tunazozieleza. Neno letu lilifika huko zamani. Istilahi ya kuitaja njia yenyewe ndiyo ambayo haijatulia.

Wako waandikao obiti, wako waandikao mzunguko, na wengine hutumia mzingo. Sisi tunaona kwamba mzunguko na mzingo yote mawili yanahitajika, ila kila moja lipewe kazi yake. Mzunguko ni kitendo cha kuzunguka, au safari moja kamili. Mzingo ni njia inayofuatwa. Tukitenganisha hivyo, twaweza kusema bila kubabaika kwamba setilaiti iliyo katika kimo cha kilomita 550 hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban dakika 95, na kwa hiyo hufanya mizunguko kama 15 kwa siku katika mzingo wake. Obiti si kosa, lakini maadamu lugha ina neno linaloeleweka, hakuna sababu ya kukopa.

Sasa na tuitazame hiyo "dunia ya chini". Kosa la mfasiri lilikuwa la namna mbili. Kwanza, sifa ya uchini ilikuwa ya mzingo, si ya Dunia, yeye akaihamisha. Pili, hata kama angaliirejesha mahali pake na kuandika "mzingo wa chini", bado angalimpotosha msomaji. Katika Kiswahili, kilicho chini aghalabu ni kile kilicho miguuni pa msemaji, au kile cha daraja hafifu. Mtu aliyesimama juu ya Mlima Rungwe, ambao una kimo cha takriban mita 2,960, hawezi kuambiwa kwamba kitu kilichoko mamia ya kilomita juu ya kichwa chake kiko chini. Wataalamu huuweka mzingo huu katika kimo kisichozidi kilomita 2,000, na sifa yake kubwa ni ukaribu wake kwetu ukilinganishwa na mizingo mingine. Kwa sababu hiyo twapendekeza mzingo wa karibu.

SETILAITI SANJARI NA SETILAITI ZA MZINGO WA KARIBU

Setilaiti ambazo ofisi na nyumba nyingi zimezizoea, zikiwa ni pamoja na zile zinazoleta matangazo ya televisheni kwenye ving'amuzi, ziko mbali mno: kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kimo hicho kimechaguliwa kwa sababu maalumu. Setilaiti iliyoko hapo hukamilisha mzunguko mmoja kwa muda ule ule ambao Dunia hujizungusha mara moja, na hivyo kwa mtu aliye chini huonekana kama imesimama. Ungo ukishaelekezwa mara moja, haugeuzwi tena. Setilaiti tatu tu za namna hii zinatosha kuifikia karibu Dunia yote isipokuwa sehemu za nchani.

Wengine wameziita "setilaiti tuli". Jina hilo ni jepesi, lakini si kweli kwamba zimetulia. Zinakwenda kwa mwendo wa takriban kilomita 3 kwa sekunde. Lililo kweli ni kwamba zinakwenda pamoja na Dunia. Kwa hiyo tunaona jina setilaiti sanjari linafaa zaidi, kwani linataja sababu ya kuonekana kwake kuwa imesimama.

Setilaiti za mzingo wa karibu haziko hivyo. Ile iliyo katika kimo cha kilomita 550 hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Hutokea upande mmoja wa anga, hupita, na baada ya dakika chache tu imetoweka nyuma ya milima. Ili mtu wa Kilolo au wa Rungwe asikatikiwe na mawasiliano, hapana budi nyingine iwe imekwisha kutokea kabla ya hiyo kutoweka, na nyingine tena nyuma yake. Ndiyo sababu setilaiti hizi hurushwa kwa mamia na maelfu. Kampuni ya Marekani ya SpaceX ilianza kurusha zile za Starlink kwa wingi mwezi Mei 2019, zikiwa 60 kwa mara moja. Kufikia katikati ya mwaka 2025 zilizokuwa angani zilikuwa zimezidi 7,000. Zile za OneWeb, ambazo hupita katika kimo cha kilomita 1,200, zimezidi 600. Kampuni ya Amazon nayo ilianza kurusha zake kwa wingi mwezi Aprili 2025, ikiwa imekusudia kuweka zaidi ya 3,200.

Kuhusu jina la wingi huo, tumeona baadhi ya wafasiri wakiandika "kundinyota la setilaiti". Hatuoni kwamba linafaa. Kundinyota ni la nyota, na nyota za kundi moja hudumu katika mpango wake karne kwa karne. Setilaiti hizi hupishana kila dakika. Kundi la setilaiti linatosha. Lililo muhimu zaidi ni kukitaja kile kitendo cha setilaiti moja kuikabidhi nyingine kazi ya kumhudumia mtumiaji. Kwa hilo lugha ilikwisha kutuandalia neno: kupokezana. Wapokezanao zamu ya ulinzi au mzigo wa njiani hufanya jambo lile lile.

KASI, UPANA NA UKAWIAJI

Neno lililotupa taabu kuliko yote ni kasi. Matangazo ya biashara husema "intaneti ya kasi", na nyaraka za zabuni huiga. Kumbe ndani ya neno hilo moja yamefichwa mambo mawili yasiyofanana.

Mfano wa barabara utatusaidia. Lori lililopakia mbao za Mufindi huteremka Kitonga kuelekea Dar es Salaam. Barabara ikipanuliwa, malori mengi zaidi yataweza kupita kwa saa moja. Lakini kupanua barabara hakuifupishi. Kila lori bado lina safari yake ya mamia ya kilomita. Idadi ya malori yapitayo kwa saa ni jambo moja, na muda ambao lori moja hutumia njiani ni jambo jingine.

Katika intaneti, wingi wa habari unaoweza kupita kwa sekunde moja hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Huo tunapendekeza uitwe upana wa mkondo, na intaneti yenye upana mkubwa iitwe intaneti ya mkondo mpana. Muda ambao ujumbe hutumia njiani hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Huo tunapendekeza uitwe ukawiaji, kutokana na kitenzi kukawia.

Mawimbi ya redio husafiri kwa takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna ufundi unaoweza kuyaharakisha zaidi. Kupanda hadi kwenye setilaiti sanjari na kurudi chini ni zaidi ya kilomita 71,000. Kwa hiyo swali likienda na jibu likarudi, karibu nusu ya sekunde imekwisha kupotea njiani, hata kama mkondo ni mpana kiasi gani. Kimo cha kilomita 550 ni zaidi kidogo tu ya mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, na kile cha setilaiti sanjari ni zaidi ya mara 40 ya barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Ukijumlisha safari yote, ikiwa ni pamoja na sehemu ya ardhini, ukawiaji wa setilaiti za mzingo wa karibu aghalabu huwa kati ya sehemu 25 na 60 za elfu za sekunde.

Je, tofauti hiyo ina maana kwa shule au zahanati? Inategemea kazi. Shule inayotaka kuvuta vitabu na mitihani usiku ili isomwe mchana haidhuriki na nusu ya sekunde. Setilaiti sanjari yaweza kuitosha. Lakini mwalimu anayefundisha kwa kuulizana na kujibizana na wanafunzi walio mbali, au mganga anayemwonyesha daktari bingwa mgonjwa wake kwa picha za papo kwa papo, atataabika. Mtumishi anayeandika "kasi" tu katika zabuni hajasema anataka lipi kati ya hayo mawili, na muuzaji anaweza kumletea lolote bila kuwa amevunja mkataba.

KWA NINI UNGO HAUGEUKI

Hapa ndipo tunapoweza kumjibu ndugu yetu wa Iringa. Ungo wake ni kifaa cha kutazama mahali pamoja. Kwa kuwa nyanda hizi ziko kati ya nyuzi 7 na 10 hivi kusini ya ikweta, setilaiti sanjari iliyo katika longitudo inayokaribiana na yetu huonekana karibu utosini, na ungo huinuliwa kuitazama huko. Setilaiti za mzingo wa karibu hazisimami mahali pamoja, na ungo uliofungwa kwenye nguzo hauwezi kuzifuata. Isitoshe, vifaa vya ndani vya kila mtandao huelewana na setilaiti za mtandao huo tu.

Kifaa kipya si ungo kwa umbo wala kwa kazi. Ni bapa. Ndani yake mna antena ndogo ndogo nyingi zilizopangwa kwa safu. Kwa kuziwahisha au kuzikawiza kidogo baadhi yake, mwale wa mawimbi huelekezwa upande unaotakiwa bila kifaa kutikisika. Twapendekeza kiitwe antena bapa. Kuendelea kukiita ungo au dishi kutawafanya wengi waulize swali lile lile la Iringa, na baadhi yao watauliza baada ya kulipa.

Upande wa pili wa safari uko kituo cha ardhini kinachoziunganisha setilaiti na intaneti ya Dunia nzima. Kituo hicho tunapendekeza kiitwe kituo cha lango. Setilaiti nyingi zilizorushwa miaka ya karibuni huweza pia kupelekeana ujumbe zenyewe kwa zenyewe kwa miale ya leza, hata lango likiwa mbali.

MATATIZO YAKE

Si vema mtu akadhani kwamba kitu kikiwa kipya kimekwisha kuondoa taabu zote. Matatizo ya setilaiti hizi ni mengi, na baadhi yake huonekana wazi zaidi katika Nyanda za Juu Kusini.

(a) Uwazi wa anga. Ungo wa setilaiti sanjari unahitaji tundu moja tu kati ya miti. Antena bapa, kwa kuwa huzifuata setilaiti zipitazo pande mbalimbali, huhitaji kuona sehemu pana ya anga, yenye pembe ya takriban nyuzi 100. Kwenye uwanda wa Usangu jambo hilo ni rahisi. Katika mabonde ya Udzungwa, chini ya misonobari ya Sao Hill, au katikati ya migomba ya Rungwe, si rahisi. Kila setilaiti ikipita nyuma ya mti, mawasiliano hukatika kwa kitambo. Tena setilaiti nyingi za Starlink zimewekwa katika mizingo iliyoinama nyuzi 53 kutoka ikweta. Husongamana zaidi huko karibu na latitudo hiyo, na huwa chache zaidi kwa nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu.

(b) Mvua. Matone ya mvua huyanyonya na kuyatawanya mawimbi ya setilaiti hizi. Mvua kubwa inaponyesha, mkondo hupungua, na pengine hukatika mpaka wingu lipite. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hali mji wa Iringa hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Kifaa kilichoridhisha Iringa mwezi Agosti kisihukumiwe kuwa kitaridhisha Tukuyu mwezi Machi. Hali hiyo twapendekeza iitwe mfifio wa mvua.

(c) Umeme. Antena bapa ya kawaida hutumia takriban wati 50 hadi 100 wakati wote inapofanya kazi. Tukikadiria wati 75 kwa saa 24, ni uniti 1.8 kwa siku, yaani uniti 54 kwa mwezi. Kwa zahanati inayotegemea umeme wa jua katika miezi ya mawingu, hilo si jambo dogo.

(d) Msongamano. Mkondo wa setilaiti moja hugawanywa kwa wote walio katika eneo linalomulikwa nayo kwa wakati huo. Mwezi Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kwa muda uandikishaji wa wateja wapya mjini Nairobi na katika kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Setilaiti hizi huwafaa zaidi watu waliotawanyika kuliko watu wa mjini.

(e) Utegemezi. Tarehe 24 Julai 2025 mtandao wote wa Starlink ulizimika duniani kwa takriban saa mbili na nusu kwa sababu ya hitilafu katika programu zake za ndani. Aliyekuwa hana njia nyingine alibaki kimya.

(f) Taka. Kila setilaiti ya namna hii hutarajiwa kudumu kama miaka mitano, kisha hushushwa iteketee katika hewa. Kabla ya hapo kuna hatari ya kugongana. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti ya Marekani Iridium 33 na ile ya Urusi Kosmos 2251, iliyokuwa imekwisha kufa, ziligongana juu ya Siberia na kutawanya maelfu ya vipande, na kila kipande huweza kuvunja chombo kingine. Mwezi Februari 2022 dhoruba itokanayo na Jua iliivimbisha hewa ya juu, na setilaiti zipatazo 40 kati ya 49 zilizokuwa zimetoka kurushwa zikashindwa kupanda, zikaanguka na kuteketea. Wachunguzi wa nyota nao hulalamika kwamba mistari ya mwanga wa setilaiti huharibu picha zao.

Jambo hili si la nchi za mbali pekee. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa sehemu ya roketi. Haikuwa setilaiti ya intaneti; lakini kadiri roketi zirushwazo zinavyoongezeka, ndivyo wanavijiji wanavyohitaji jina moja la kukitaja kitu cha namna hiyo wanapotoa taarifa. Twapendekeza taka za anga za juu, kwani neno anga peke yake hujumuisha hata mahali wapitapo ndege.

MASAFA, LESENI NA MPAKA

Liko tatizo jingine ambalo ni la sheria na la lugha kwa pamoja. Mawimbi ya redio ni mali yenye kikomo; wawili wakitumia yale yale mahali pamoja, huharibiana. Kwa sababu hiyo mataifa hugawana kwa kufuata kanuni za shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, na kanuni hizo huzitaka setilaiti za mizingo mingine zisiziingilie zile zilizo sanjari. Hapa nchini, kazi ya kugawa na kutoa leseni ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Malawi na Zambia, nchi zinazopakana nasi kupitia Kasumulu na Tunduma, zilianza kupata huduma ya Starlink mwaka 2023, na Kenya vivyo hivyo. Tanzania, hadi mwisho wa mwaka 2024, ilikuwa haijaipa kampuni hiyo leseni. Mwalimu wa Kyela aliyeuliza habari za kuzimu alijua kwamba ng'ambo ya Mto Songwe huduma hiyo ipo. Wimbi halisimami mtoni, lakini leseni husimama. Kwa hiyo afasiriye tangazo la nchi jirani asimfanye msomaji wa huku aamini kwamba kinachofika angani mwake kimekwisha kuruhusiwa nyumbani mwake.

Katika nyaraka za sheria ndimo neno masafa linapoelemewa. Kwanza, lina maana ya umbali. Pili, tangu zamani tumesema redio ya masafa mafupi, tukikusudia urefu wa wimbi. Na cha ajabu ni kwamba redio hiyo ya masafa mafupi ndiyo iliyosikika mbali kuliko zote. Tatu, siku hizi masafa ni idadi ya mawimbi kwa sekunde. Mtu akiandika kwamba setilaiti fulani "hutumia masafa ya juu", msomaji hajui kama setilaiti iko juu, iko mbali, au mawimbi yake ni mengi kwa sekunde. Twapendekeza kwamba umbali wa ardhini uitwe umbali, umbali wa kwenda juu uitwe kimo, urefu wa wimbi utajwe hivyo hivyo, na masafa liachiwe kazi moja tu ya kutaja idadi ya mawimbi kwa sekunde.

MANUFAA YAKE

Tumeyataja matatizo kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayofichwa na maneno mabaya. Haina maana kwamba chombo hakifai. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hufika katika miji ya Iringa na Mbeya, na hapo hakuna setilaiti inayoushinda kwa upana wa mkondo wala kwa bei. Lakini mnara wa simu hauoni nyuma ya kilima, na vilima ndivyo vilivyoipa nchi hii jina lake. Tena mikongo nayo hukatika: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopungukiwa sana na intaneti. Njia ya pili ipitayo angani ingekuwa na thamani siku hiyo. Setilaiti basi ni mshirika wa mkongo, si mrithi wake.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Mzingo: njia ambayo setilaiti huifuata kuizunguka Dunia.
Mzunguko: safari moja kamili katika mzingo.
Mzingo wa karibu: mzingo ulio katika kimo kisichozidi kilomita 2,000.
Setilaiti sanjari: setilaiti izungukayo juu ya ikweta pamoja na Dunia, hata ikaonekana kama imesimama.
Kundi la setilaiti: setilaiti nyingi zifanyazo kazi moja kwa kupokezana.
Kupokezana: setilaiti moja kuiachia nyingine kazi ya kumhudumia mtumiaji.
Upana wa mkondo: wingi wa habari uwezao kupita kwa sekunde moja.
Ukawiaji: muda ambao ujumbe hutumia kwenda na jibu kurudi.
Antena bapa: antena isiyo na umbo la ungo, ielekezayo mwale bila kugeuka.
Kituo cha lango: kituo cha ardhini kiunganishacho setilaiti na intaneti.
Mfifio wa mvua: kupungua kwa nguvu za mawimbi kwa sababu ya mvua.
Masafa: idadi ya mawimbi kwa sekunde, basi.
Taka za anga za juu: mabaki ya roketi na setilaiti yasiyo na kazi tena.

Haya ni mapendekezo, si amri. Baadhi yake yatashinda na mengine yatashindwa, maana mwenye lugha ni msemaji. Neno king'amuzi liliingia nyumbani mwa watu kwa sababu lilisema kile ambacho kifaa hufanya, wala halikuhitaji kutetewa. Tungependa kupata maoni ya walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali, hasa wa vijijini, kuhusu maneno ambayo wananchi wenyewe wamekwisha kuyatumia kuvitaja vitu hivi, huenda wametutangulia.

Kwa sasa, mwenye kuandika au kufasiri hati ya zabuni na ahakikishe kwamba imejibu maswali manne: setilaiti ni sanjari au ni za mzingo wa karibu? Upana wa mkondo ni kiasi gani, na ukawiaji ni kiasi gani? Mahali pa kuweka antena pana uwazi wa anga na umeme wa kutosha hata wakati wa mvua? Na mtoa huduma ana leseni ya nchi hii? Karatasi ya Mbeya ingaliyasema hayo, ndugu yetu wa Iringa asingalikuwa na haja ya kuuliza habari za ungo wake.